Je, Mlango Wetu Wenyewe Tunaweza Kuuondoa?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya ndoa, madeni, ulevi na malezi ya watoto. Safari hii tunaleta jambo linaloonekana dogo, yaani neno la siri ambalo kompyuta huliuliza inapowashwa. Tunalileta kwa sababu lilituingiza katika kosa, na kosa hilo lilimwumiza mtu aliyekuwa ametuamini.

Nyumbani kwetu tuna kompyuta moja ya mkononi, iliyotumiwa na wengine kabla ya kutufikia. Huwashwa jioni, betri ya sola ikiwa na nguvu. Watoto huitumia kwa masomo na kutazama video za kwaya. Sisi wakubwa huitumia kuwaandikia majirani barua: barua za kutafuta ndugu waliopotea, maombi ya nafasi za shule, na maelezo ya mashamba yaliyoachwa nyumbani. Hatuwatozi kitu. Mwenye sukari huleta sukari, asiye nacho hushukuru tu.

Kila ilipowashwa, mashine ilisimama na kuuliza neno la siri. Mtoto akikosea herufi moja, inamkatalia. Baba akiwa shambani, watoto hukaa mbele ya kioo kama watu waliofungiwa nje. Bibi yetu, aliyezaliwa Kabonga, pale ufukweni karibu na mpaka wa Tanzania, akauliza: "Wajukuu zangu, hodi gani hii ambayo mwenye nyumba anaipiga kila siku nyumbani kwake mwenyewe?" Tulicheka, lakini tukaona asemalo ni kweli.

Kijana wetu wa kwanza alijua njia. Katika Windows 10, pale mahali pa kutafutia, unaandika netplwiz. Linafunguka dirisha dogo lenye orodha ya watumiaji wa mashine, na juu yake pana tiki ya kusema kwamba mtumiaji sharti aandike jina na neno la siri. Ukiiondoa tiki hiyo na kukubali, mashine inakuomba neno la siri mara moja tu, inalihifadhi ndani yake, na tangu hapo ikiwashwa inafungua yenyewe. Katika mashine nyingine za siku hizi tiki hiyo haionekani mpaka kwanza ubadilishe mipangilio ya kuingia, lakini kwetu ilionekana. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Kijana hakuvunja kitu wala hakudanganya. Neno la siri alilijua, ruhusa alikuwa nayo, na njia aliyoipita iliwekwa na watengenezaji wenyewe. Tulimsifu.

Wiki chache baadaye walikuja vijana wa jirani kutazama video. Mmoja alifika mapema, akaiwasha kompyuta, nayo ikafunguka bila kumwuliza yeye ni nani. Alipokuwa akitafuta video alikuta barua ya mama mmoja mjane. Ilikuwa habari ya shamba la marehemu mume wake upande wa Nyanza-Lac: mipaka yake, majina ya wazee wanaoweza kushuhudia, na jina la mtu anayelilima sasa. Kijana alisoma, kisha akasimulia, kama vijana wanavyosimulia. Siku ya tatu habari ilimfikia shemeji wa yule mama, ambaye mama alikuwa bado hajamwambia neno, kwa sababu zake mwenyewe.

Wanaoijua historia yetu hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Katika mauaji ya mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge, Nyanza-Lac na vijiji vya ziwani walikimbilia Tanzania, wakaishi miaka mingi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Michikichi na mihogo waliyoiacha ilipata wenyeji wengine. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema mkimbizi anayerudi apate tena mali yake, au alipwe fidia ya haki isipowezekana. Mwaka 2006 Burundi iliunda tume ya ardhi na mali nyingine ili kuamua mashauri hayo. Mwaka 2008 na 2009 makumi ya maelfu walirudi kutoka makazi ya zamani, na wengi waliwakuta watu wakilima mahali walipozaliwa wao. Kisha mwaka 2015 watu walikimbia tena. Maelfu kwa maelfu walijazana Kagunga, wakasubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, huku kipindupindu kikiwaua. Kwa watu kama sisi, karatasi yenye mipaka ya shamba na majina ya mashahidi si karatasi tu. Ikifika mkononi mwa mtu asiyestahili, shahidi anaweza kutishwa na ndugu wanaweza kugawanyika.

Yule mama alikuja kwetu jioni. Alisimama mlangoni bila kupiga hodi. Hakupaza sauti. Alisema tu: "Mama, nilidhani maneno yangu yamelala kwenu." Hatukupata la kumjibu.

Tangu siku ile tumejiuliza: kosa ni la nani? Mwanzoni tulisema ni la kijana aliyesoma. Ni kweli, barua ya mtu haisomwi bila ruhusa hata ikikutwa wazi mezani. Lakini yeye alikuta mlango uliofunguliwa na sisi. Kisha tukajitetea: kompyuta ni yetu, na mtu ana haki ya kuondoa mlango wa nyumba yake. Utetezi huo ulituridhisha siku mbili, ukashindwa siku ya tatu. Mlango ulikuwa wetu, ndiyo. Lakini vilivyokuwa nyuma ya mlango havikuwa vyetu vyote.

Sheria ya Musa inalijua jambo hili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mtu anamwekea jirani yake fedha au vyombo, navyo vinaibwa nyumbani mwa yule jirani. Mwizi asipoonekana, ni mwenye nyumba anayeletwa mbele kuchunguzwa. Hatuwezi kusema "nyumba ni yangu" tukamaliza. Mtu akikuwekea amana, haki yako juu ya mlango wako inapungua kidogo mpaka amana itakaporudi kwa mwenyewe.

Hata neno la siri lenyewe lilianza hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, uliowezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kubwa. Kwa kuwa mashine ni moja na kazi ni za wengi, kila mtu alipewa neno lake la siri. Yaani halikuwekwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake na kitu chake, bali kwa ajili ya watu wanaoshirikiana. Wala halikukaa salama muda mrefu. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alitaka saa nyingi zaidi za kutumia mashine kuliko alizogawiwa, akapata njia ya kuchapisha orodha ya maneno ya siri ya wote. Alikuja kukiri baada ya miaka mingi. Haja yake ilikuwa ndogo, kama yetu: alitaka kurahisisha kazi.

Tumesikia hoja mbili za kupinga, na hatutaki kuzipita kimya.

Ya kwanza inasema kufuli hilo ni dhaifu, basi la nini? Ni kweli kwamba ni dhaifu. Kama diski ya kompyuta haikufungwa kwa maandishi ya fumbo, fundi anaweza kuitoa, kuiunganisha na mashine nyingine na kusoma vilivyomo bila kuuliza neno lolote. Hapo Bibi alitusaidia. Alisema kwao Kabonga, mama yake alipokwenda kuanika ndagala ufukweni, aliuegemeza mti mwembamba mlangoni. Mti ule hata mbuzi angeuangusha. Lakini kila mpita njia aliuona akajua kwamba wenyewe hawapo. Mlango una kazi mbili: kumzuia mwizi, na kumwonyesha mtu mwema mahali anapopaswa kusimama. Kazi ya kwanza inataka chuma. Ya pili mti mwembamba unaitosha. Yule kijana si mwizi. Angekutana na kioo kinachomwuliza yeye ni nani, angesubiri tumwitikie. Tulimwondolea alama ambayo ingemsaidia kubaki mwema.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, maana inatoka kwa watu wa imani: sisi ni ndugu, tunakula pamoja na kuomba pamoja, tutafungianaje? Ndugu hawafichani. Tunaiheshimu hoja hii. Ila tunaona imesahau jambo moja. Imani yule mama aliyotupa ilikuwa yake, na aliitoa kwetu. Hatukuwa na haki ya kuigawa kwa wengine, hata kama wengine ni ndugu. Tena tufikirie sisi ni watu wa namna gani. Katika nchi nyingi mkimbizi ameandikwa jina mara nyingi, amepigwa picha, amechukuliwa alama za vidole, pengine na macho. Amesimulia maisha yake mezani kwa watu asiowajua, kwa sababu bila kusimulia hapati chakula wala kibali. Akishapoteza nyumba na shamba, kitu kimoja kinachobaki mkononi mwake ni kuchagua nani asikie habari zake na lini. Tukimnyang'anya na hicho kwa jina la undugu, undugu huo umemwachia nini?

Kuna upande mwingine ambao vijana wanapaswa kuusikia. Anayejua kuondoa kioo cha kuingia kwake, kesho ataombwa akiondoe kwa mwingine. Kompyuta nyingi zinazofika kwetu zimetumika, na mara nyingine jina la mwenye zamani bado linaonekana linapoulizwa neno la siri. Tusidhani kwamba kununua mashine ni kununua barua na picha zilizomo. Aliyeuziwa sanduku hakuuziwa siri za aliyelitumia. Njia ya haki ipo, ni kuifuta yote na kuipanga upya bila kusoma. Tofauti ya mambo haya mawili haimo katika vidole, maana vidole vinabonyeza vitufe vilevile. Tofauti imo katika swali hili: vilivyo ndani ni vya nani, na je, angekubali kama angekuwa amesimama hapa?

Sisi tulifanya hivi. Tulimwendea yule mama, Baba na Mama pamoja na kijana wetu, tukaomba msamaha bila kumtupia mtu mwingine lawama. Alitusamehe, ingawa barua nyingine hajaja kuandika, na hatumlazimishi. Kisha tulipanga mashine upya. Watoto wana akaunti yao isiyo na neno la siri, wala haina ruhusa ya kubadilisha mipangilio ya mashine wala kufungua faili za wengine. Wanawasha na kusoma bila shida. Barua za watu zimo katika akaunti nyingine yenye neno la siri, ambalo wanalijua wawili tu. Barua ikishachapishwa na mwenyewe kuridhika, tunamwuliza kama tuifute. Wengi husema tuifute.

Bibi alipoona hayo alisema: "Sasa nimeelewa. Hodi ile haikuwa yenu. Ilikuwa ya wageni wenu." Basi tunawaachia maswali haya mjadiliane nyumbani jioni. Ni kitu gani cha jirani kilichomo nyumbani kwenu leo: barua, simu, fedha, au neno lililosemwa kwa machozi? Mlango wake uko wapi? Na ni nani mliyemruhusu aufungue bila kumwuliza mwenyewe?

Bwana awalinde mnapotoka na mnapoingia.