Nani Alikaa Chini Ili Wewe Uruke?



Vijana wapendwa, mlioko Chicago au Toronto mnawajua bata bukini wa Kanada. Ndio hao wanaojaa kwenye bustani za mji, wanachafua njia na kusimamisha magari wakivuka barabara. Majira haya ya kuchipua, hebu waangalieni wanavyolea.

Jike huatamia mayai kama siku 28. Dume haendi mbali. Mtu akisogea, ananyoosha shingo na kumfukuza. Vifaranga wakishatoka, baada ya siku moja au mbili tu wanatembea na kuogelea, mzazi mmoja mbele, mwingine nyuma.

Sasa sikilizeni. Vifaranga wakiwa bado wadogo, wazazi hunyonyoka manyoya makubwa ya mabawa. Kwa mwezi mmoja hivi hawawezi kuruka kabisa! Ndege wa safari ndefu angani sasa anatembea kwa miguu na watoto wake. Mabawa yake yanarudi karibu na wakati ambao watoto nao wanaanza kuruka. Wanapaa pamoja.

Ni kweli, ndege hachagui. Ni maumbile yake. Hata asiye na watoto hunyonyoka. Sisi ndio tunaochagua, na hapo ndipo penye kazi. Siku hizi tunaambiwa eti uhuru ni kutofungwa na mtu yeyote. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Na mema ya mwingine yana gharama: muda, usingizi, pengine safari uliyoiota miaka mingi.

Paulo anawaambia Wafilipi kwamba Kristo hakung'ang'ania kuwa sawa na Mungu. Alijishusha akawa mtumishi. Naye Yesu alijifananisha na kuku anayetaka kukusanya vifaranga vyake chini ya mabawa. Yerusalemu ilikataa, lakini hakuondoka. Alibaki mpaka msalabani, na Pasaka inatuambia kwamba kushuka huko hakukuwa hasara.

Basi, jiulize: nani alikaa chini ili wewe uruke? Mama aliyeacha masomo? Kaka aliyekulipia ada? Mpigie simu leo, usingoje Krismasi. Halafu lile gumu: nani anahitaji utembee naye sasa hivi, na wewe umekazana kuruka?

Bwana Yesu, uliyeshuka kwa ajili yetu, utufundishe kukaa chini kwa upendo. Amina.