Motokaa Ile Ile

Je, kitu hubaki kuwa kile kile ikiwa viungo vyake vyote vimebadilishwa? Swali hili ni la kale. Plutarch, mwandishi Myunani, alisimulia kuwa watu wa Athens walihifadhi merikebu ya shujaa Theseus, wakitoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakagawanyika: hawa walisema merikebu ni ile ile, wale wakakana. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes alilikaza fumbo. Kama mtu angaliziokota mbao kuukuu, akaziunga tena kama zilivyokuwa, merikebu ya Theseus ingalikuwa ipi?

Mtu aweza kudhani kuwa haya ni mazungumzo ya wasio na kazi. Sivyo. Wako watu ambao hutafuta nasaba za motokaa adimu za mashindano ya zamani. Husoma nambari zilizogongwa katika fremu na injini. Hupekua madaftari ya kiwanda. Huweka picha ya mashindano kando ya motokaa yenyewe, wakalinganisha tundu kwa tundu. Fumbo la Hobbes huwakuta karakanani. Motokaa moja ilivunjwa; huyu akachukua fremu, yule akachukua injini, kila mmoja akajenga iliyopunguka, na sasa motokaa mbili zadai nambari moja.

Mwaka 1990 shauri lililo jirani na hilo liliamuliwa katika Mahakama Kuu, London. Bentley iliyoitwa Old Number One ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929, ikashinda tena 1930. Baadaye ikaundwa upya na kutiwa injini ya lita 8; mwaka 1932 ikapata ajali Brooklands iliyomwua dereva wake, Clive Dunfee; kisha ikajengwa tena. Mnunuzi aliyepatana kuichukua kwa thamani ya pauni milioni 10 alikataa, akisema siyo yenyewe.

Jaji Otton aliona kuwa ya mwaka 1929 hayakubaki ila makorokoro yasiyojulikana tarehe. Ya 1930 vilibaki vitu vichache tu, kama kasha la gia na mhimili wa usukani. Hata hivyo mnunuzi alishindwa. Vipya viliingia kidogo kidogo, wala hapakuwa na siku ambayo motokaa ile ilikoma na nyingine ikajivika jina lake.

Kwangu hukumu hiyo ni ya haki, hasa kwa uangalifu wake wa maneno. Jaji alikubali kuwa motokaa ni halisi, akakataa kuwa ni ya asili. Halisi ni habari ya maisha yasiyokatika. Asili ni habari ya chuma. Baina ya maneno hayo mawili hupita fedha nyingi, na hapo ndipo mtafutaji wa nasaba hutiwa katika mtihani ambao wenye hekima wa Athens hawakuujua, maana merikebu ya Theseus haikuwa ikiuzwa.