NEEMA TUTAKAZOULIZWA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tunapolisikia neno "neema" fikira zetu huruka mpaka kwenye mambo makubwa: nyumba ya ghorofa, biashara iliyofunguka, safari ya Hija. Hizo ni neema bila ya shaka. Lakini mwenye kungoja makubwa ndipo ashukuru, huenda akamaliza umri wake naye hajashukuru. Kwani makubwa huja mara chache, na madogo huja kwa kila pumzi. Maneno haya tumeyasomesha miaka mingi, tukidhani kuwa tumeyajua. Siku moja ya michezo ya watoto huko Wamunyu ilituonyesha kwamba tulikuwa tumeyahifadhi tu.

Wamunyu ni mji mdogo wa Ukambani, upande wa Machakos, katika njia iendayo Kitui. Watu wa pwani twaujua kwa mafundi wake wa kuchonga miti, kazi ambayo Mzee Mutisya Munge alijifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika zamani za vita vya 1914 hadi 1918, kisha akarudi nayo kwao. Nchi yake ni kavu, mvua ni chache, na maji mara nyingi hubebwa na punda kutoka mbali. Tulikwenda kumzuru ndugu yetu mmoja afanyaye kazi huko. Kesho yake akatwambia kuwa mwanawe wa miaka 9 atashindana mbio shuleni, na kwamba mtoto anamtaka ami yake awepo.

Tulikwenda kwa kuona haya, si kwa moyo. Uwanja ulikuwa wa vumbi jekundu. Tuliambiwa mbio zitaanza saa tatu. Saa tano ikapita, watoto wangali wanapangwa na kupanguliwa. Jua likapanda. Kila tulipouliza zamu ya kijana wetu tuliambiwa bado. Mwisho subira ikatutoka, tukamwambia mwenyeji wetu: "Bwana, siku hii imepotea." Naye hakutujibu neno. Alisimama pale alipokaa chini ya mwembe, akatupisha kivulini, yeye akakaa juani.

Hapo tulitahayari, na ikatujia hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ya kuwa siku moja Mtume (S.A.W.) alitoka nyumbani kwake kwa njaa, akakutana na Sayyidna Abubakar na Sayyidna Omar, nao wametolewa na njaa hiyo hiyo. Wakenda kwa mtu mmoja katika Ansari, akawakirimu kwa tende na nyama na maji. Waliposhiba, Mtume akawafahamisha kuwa wataulizwa juu ya neema ile Siku ya Kiyama. Na katika mapokezi ya Imamu Tirmidhi vimetajwa kivuli baridi, tende nzuri na maji baridi.

Zingatieni, ndugu zetu. Hao ni watu waliokuwa wametoka na njaa, wala hawakuambiwa kuwa wataulizwa juu ya makasri. Waliambiwa kuwa wataulizwa juu ya kivuli na maji. Basi sisi tuliokuwa tumekaa katika kivuli cha kupishwa, tukiuona mchana kuwa hauna kitu, tutajibu nini?

Tukaanza kuhesabu. Maji tuliyoyanywa yalitoka katika dumu lililobebwa na punda alfajiri, na mtu mwingine ndiye aliyeamka kuyafuata. Mama mmoja wa Kikamba, asiye wa dini yetu, alituletea sahani ya muthokoi, nayo ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Na kabla hatujauliza alitwambia kuwa hamna nyama wala mafuta ya mnyama, kwani amejua kuwa sisi ni Waislamu. Tulipokwisha kula tulitandika mkeka, tukasali adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili, kwa ile ruhusa aliyopewa msafiri, nayo ni sadaka ya Mola kwa waja wake. Ruhusa hiyo tumeisomesha mara nyingi. Siku ile tuliionja.

Zamu ya kijana ilifika jua limeinama. Alikimbia kwa nguvu zake zote, akajikwaa katikati ya njia, akainuka, akamaliza wa mwisho. Tukamwona baba yake amekunja uso. Tukamshika mkono, tukamkumbusha ngamia wa Mtume, Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa, mpaka akaja bedui na ngamia wake akampita. Jambo hilo liliwaudhi sana sahaba, na Mtume akawafundisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu asikinyanyue kitu katika dunia ila akishushe. Na mfano wa karibu upo. Patrick Makau, mwana wa Machakos hiyo hiyo, mwaka 2011 alikimbia marathoni mjini Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, akawa wa kwanza duniani kwa kasi. Mwaka 2013, katika mji ule ule, Mkenya mwenziwe Wilson Kipsang akaipita saa yake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mabingwa, mtoto wa miaka 9 akunjiwe uso kwa lipi?

Kijana akaja mbio, magoti yamejaa vumbi. Hakusema habari ya kushinda wala kushindwa. Alisema: "Baba, umeniona?" Baba akainama akampangusa magoti, akamwambia: "Nimekuona, mwanangu. Nimekuona ulivyoinuka."

Ewe mzazi, hilo ndilo alilokuwa akilitaka siku nzima, na sisi tulitaka kulinyima kwa sababu ya jua. Imamu Ahmad amepokea kuwa Mtume alikuwa akiwapanga safu watoto wa Abbas ili washindane kumfikia, nao wakimwangukia kifuani na mgongoni, naye akiwabusu. Na mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha. Basi wale wasemao kuwa michezo ya watoto yote ni upuuzi nawalitazame hili. Lililo juu yetu ni kuchunga sala isipotee, tupu isitiriwe, na kamari isiingie.

Usiku huu, kabla hujalala, hesabu neema 3 ndogo za siku yako, na umtaje kwa dua yule aliyekufikishia. Ukiwa na mtoto, muulize zake. Na yule aliyekupisha kivulini usimwache akaungua bila ya shukrani. Sisi tulimwomba radhi ndugu yetu jioni ile, tukiwa njiani kurejea kwake.

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wenye kuzijua neema zako zingali mikononi mwetu, wala usitufanye katika wanaozijua zikiisha kuondoka. Amin.

Wabillahi tawfiq.