Usilijaze Kwanza

Mjukuu wangu, nimeliona lile tangi la kioo barazani, na nimesikia umeshaagiza samaki kutoka Dar. Keti kidogo. Miguu inaniuma, na maneno haya sitaki kuyarudia samaki wakishakufa.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku Dodoma kwa kasi mwaka 2016, malori yametuletea vyombo vya kila namna, na vingine huuzwa rahisi kwa kuwa wenyewe wamevichoka. Tangi lako lilikuwa la maji ya bahari. Ule ukoko mweupe ukingoni ni chumvi na chokaa, chokaa ile ile inayoganda ndani ya birika letu kwa maji ya visima vya Mzakwe. Usiusugue kwa stilwaya. Lowesha kitambaa kwa siki nyeupe, kilaze juu yake, usubiri. Siki huyeyusha chokaa. Kitakachobaki kikwangue kwa wembe ulioulaza, ila usifike kwenye kona. Ukiikata gundi ya silikoni, tangi litavuja. Na kama ni plastiki, wembe usiuguse kabisa.

Sabuni usitie hata tone. Ukitaka kuua vijidudu, changanya Jiki kidogo kwenye maji mengi, lakini iwe siku nyingine, siki ikiwa imesuuzwa ikaisha. Vikikutana viwili hivyo hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Una mtoto mchanga ndani, baba. Halafu suuza sana, ufute matone yote kabla hayajakauka, maana maji yetu yataacha ukoko mwingine, kisha uliache juani mpaka harufu iishe.

Hayo ni mepesi. Linaloninyima raha ni lile lisiloonekana. Wafugaji wa samaki wa baharini hutibu maradhi kwa dawa yenye shaba. Samaki wengi hukivumilia kipimo chake, lakini kamba, konokono na matumbawe hufa. Shaba hiyo hunywewa na mawe na mchanga, ikajificha humo, kisha ikarudi majini polepole, miezi baada ya dawa kusahauliwa. Siki haiwezi kukuhakikishia kuwa imetoka yote. Najua uliyapata mawe ya tangi lile kwa bei nzuri na unaona uchungu. Kama muuzaji hakumbuki alitia dawa gani, yatupe, pamoja na mchanga wake. Nakuomba, usinibishie hapo.

Tangi likishakauka, liweke nje mahali palipo sawa, ulijaze maji ya bomba, utandaze magazeti chini ya maungio, ukae nalo siku mbili. Lita zake 300 zina uzito wa kilo 300 kabla hujahesabu kioo. Ile meza ya televisheni haitabeba.

Chumvi nayo usichukue ya jikoni, wala ile inayochujwa kwenye udongo wa Bahi. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na ndani yake mna magnesi na kalisi ambazo viumbe wa baharini hawaishi bila hizo. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hata hapo, bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa kitu kisicho sumu kali wanahitaji wiki kadhaa kuzaliana. Kwa hiyo mpigie simu leo yule wa Dar, umwambie asipakie chochote, kisha umpigie aliyekuuzia tangi, umuulize habari ya dawa.