Muuaji Asipojulikana

Soma Mwanzo 4:8–10 na Kumbukumbu la Torati 21:1–9.

Mwaka 2007 ilitolewa filamu iitwayo Zodiac, iliyoongozwa na David Fincher, juu ya waandishi wa habari na wapelelezi wa San Francisco waliomtafuta muuaji aliyejiita kwa jina hilo. Siitaji ili mwende kuitazama. Ina damu, nayo huchukua zaidi ya saa mbili na nusu. Naitaja kwa sababu kisa chake kilitugusa sisi Waadventista kuliko wengi wanavyojua. Jioni ya Sabato, Septemba 27, 1969, jua likikaribia kutua, mtu huyo aliwashambulia kwa kisu vijana wawili kando ya ziwa Berryessa, California. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa Pacific Union College, chuo cha kanisa letu; mwenzake alikuwa amesoma hapo hapo. Mvulana alipona. Msichana alifariki baada ya siku mbili.

Takriban miezi miwili kabla ya hapo, muuaji alikuwa amepeleka barua kwa magazeti matatu, pamoja na maandishi ya mafumbo, akidai yachapishwe ukurasa wa kwanza, la sivyo angeua tena. Wahariri wafanye nini? Wakichapisha, wamempa jukwaa. Wasipochapisha, huenda mtu akafa. Walichapisha, ingawa gazeti la Chronicle liliweka sehemu yake ukurasa wa nne. Siwalaumu. Lakini tangu siku zile jina alilojichagulia mwovu huyo limejulikana duniani, na majina ya waliouawa ni wachache wanaoyakumbuka.

Robert Graysmith, mchoraji wa katuni katika gazeti hilo, alimfuatilia kwa miaka mingi, na filamu inaonyesha jinsi ndoa yake ilivyovunjika kwa ajili hiyo. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Mwaka 2020 watu watatu walifumbua fumbo jingine, lililotumwa Novemba 1969. Miaka 51! Ndani yake hamkuwa na jina.

Je, ni kosa kumtafuta muuaji? Hapana. Waamuzi wa Israeli waliagizwa kuchunguza kwa bidii (Kumbukumbu la Torati 19:18), na mwandishi anayefanya hivyo kwa uaminifu anamsaidia jirani yake. Ila tuone Musa anaagiza nini pale uchunguzi unapokwama. Wazee na waamuzi wanatoka mjini, wanakwenda mahali maiti ilipolala kondeni, na kupima umbali hadi miji iliyo karibu. Kipimo kinaanzia kwa aliyeuawa. Wazee wa mji ulio karibu zaidi ndio wanaonawa mikono na kuomba, hata kama marehemu hakuwa mtu wao. Hakuna anayekaa kukisia habari za muuaji. Kaini naye, alipoulizwa na Bwana, aliulizwa kwanza habari za ndugu yake.

Sisi, picha za mauaji zinapoingia kwenye simu zetu, huuliza kwanza nani kaua, kisha tunamtumia mwingine.

Kwa mjadala darasani:

Kama barua ile ingewekwa juu ya meza yenu, mkiwa wahariri, mngeichapisha? Kwa nini?

Je, katika mtaa wenu yupo mtu aliyeuawa na muuaji hakupatikana? Ni nani katika darasa lenu anayekwenda kumtembelea mama yake?