Nani alipaswa kugonga mlango?

Mgeni akifika Chicago huoneshwa majengo marefu. Nami nilioneshwa lile la ghorofa 110 lililokuwa likiitwa Sears Tower, nikaoneshwa na Ziwa Michigan, ambalo ukisimama ufukweni utadhani ni bahari. Lakini kilichonishughulisha zaidi ni jambo la Julai 1995, ambalo wenyeji hawalisimulii mpaka uwaulize.

Joto lilifika nyuzi 41 za Selsiasi. Watu zaidi ya 700 wakafa. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao, na wapo waliofunga madirisha kwa kuogopa wezi. Chumba cha maiti kilijaa hadi yakaletwa malori yenye majokofu. Maiti 41 hazikupata wa kuzichukua, zikazikwa katika kaburi moja huko Homewood, nje ya jiji.

Ndugu zetu wakisikia haya husema, "Ndio Wazungu hao, hawana ujirani." Jibu hilo ni jepesi mno. Kwanza, walioumia zaidi kwa uwiano walikuwa watu weusi. Pili, msomi mmoja wa elimu ya jamii, Eric Klinenberg, alilinganisha vitongoji viwili vinavyopakana, North Lawndale na South Lawndale. Vyote maskini, vyote vina wazee wengi wapweke. Cha kwanza walikufa watu kama 40 kwa kila 100,000. Cha pili, 4 tu.

Nilikwenda kuviona. South Lawndale, Mtaa wa 26 umejaa maduka ya Wameksiko, wauza matunda na akina mama wenye watoto. Mzee ana sababu ya kutoka, na akichoka ana pa kuingia. North Lawndale ni viwanja vitupu, nyumba moja hapa, nyingine kule. Ofisi kuu za Sears zilikuwa hapo. Miaka ya 1970 zikahamia katika lile jengo refu nililooneshwa siku ya kwanza! Si kwamba watu wa hapo hawana dini. Makanisa ni mengi.

Sasa tujiulize. Kwetu kumzika maiti ni faradhi kifaya: asipopatikana wa kuitekeleza, wote waliojua na kuweza wanapata dhambi. Je, kumgongea mlango angali hai? Atasema mtu, mzee mwenyewe hakufungua. Kweli, wapo waliokataa. Lakini hofu ile aliipata kwenye mtaa uliokufa, na si yeye aliyeuua. Kwa hiyo mimi sioni vipi lawama iishie kwa jirani wa ukuta wa pili, naye pengine ni mzee vilevile. Waliouhamisha uhai wa mtaa ule, na watawala waliouacha ukauke, nao wana fungu lao.

Mwaka 1999 joto kali lilirudi. Safari hiyo jiji lilituma polisi na watumishi kuwagongea wazee milango, na vifo vikawa vichache sana kuliko vya 1995. Viwanja vya North Lawndale nilivikuta bado vitupu.