Kisu Mezani



Waamerika wana msemo wa mitaani wa kupitisha "buck", neno ambalo maana yake ni kulungu dume. Kulungu gani tena? Msemo huu husemwa umetoka katika karata za kamari, mchezo ambao hatuusifu. Katika karne ya 19 wachezaji waliweka kitu mezani, mara nyingi kisu chenye mpini wa pembe ya kulungu, mbele ya yule ambaye zamu yake ya kugawa karata imefika. Asiyetaka kugawa alimsukumia jirani kile kisu, na zamu ikaenda nacho. Basi mtu anayemtwika mwenziwe wajibu wake huambiwa amepitisha kisu. Sisi twasema kutupiana mpira.

Mwaka 1945 Rais Harry Truman alipelekewa kibao kilichotengenezwa katika gereza la El Reno, Oklahoma, akakiweka juu ya meza yake ya kazi. Kilisema kwamba kisu kinakoma hapa. Hakuna jirani mwingine wa kusukumiwa.

Adamu alipoulizwa kule bustanini alimtaja mkewe, tena akamgusa na Mungu mwenyewe aliyempa huyo mke. Hawa akamtaja nyoka. Nyoka peke yake hakuulizwa neno. Pilato naye akaagiza maji ya kunawa.

Lakini tusiende mbali. Mama mmoja mzee wa mtaa wetu aliugua Kwaresima nzima bila kuletewa Ushirika Mtakatifu. Sisi wazee wa kanisa tulidhani Umoja wa Akina Mama wamekwisha kwenda. Akina mama walidhani mwinjilisti amempasha kasisi habari. Mwinjilisti alidhani sisi tumekwisha sema. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyekwenda. Tulipofika hatimaye kumwomba radhi, mama alitujibu kwa upole kwamba alijua tuna kazi nyingi. Jibu hilo lilituchoma kuliko karipio.

Tumenunua daftari. Kila jina la mgonjwa litaandikwa pamoja na jina la mtu mmoja wa kumwendea, si la kamati, na daftari litakaa wazi juu ya meza ya sakristia. Jina la kwanza ni la mama huyo, na mbele yake limeandikwa jina la mwandishi wa ukurasa huu.